Sebule ya dhahabu hapa Tanga? Anza na balbu

Maneno hayaishi: Tanga penyewe joto, halafu mtu anapaka sebule rangi ya dhahabu, si kujitafutia jasho huko? Wanaionea rangi bure. Kinachotuchemsha ni bati lisilo na dari na madirisha yaliyozibwa na mapazia mazito mpaka upepo wa bahari unaishia barazani. Rangi ya ndani haipandishi joto.

Ugomvi wangu ni dhahabu ipi. Wengi wakitaja dhahabu wanaishia kwenye njano kali, na mtu akiongeza mlango wa kijani, wapita njia wa Ngamiani wanauliza kama hapo ni tawi la Yanga. Kwa shabiki wa Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, hayo ni matusi. Njano ina vituko vyake: kwenye kikaratasi cha dukani imetulia, ukishaipaka kuta nne zinarushiana mwanga na rangi inazidi ukali. Basi ile iliyokupendeza iache, chukua iliyopoa zaidi, yenye kahawia kidogo ndani yake, inayoelekea asali au udongo. Fundi atasema imefifia. Mwache aseme.

Halafu taa. Mtu ametumia hela nyingi kwenye rangi, jioni anawasha balbu nyeupe ya Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaelekea manjano), na ukuta wote unageuka kijanikijani kama wa zahanati. Dhahabu inataka balbu ya Kelvini 2700 au 3000. Namba imeandikwa kwenye boksi. Kabla ya kununua ndoo nzima, paka kipande cha mita moja kwa mita moja, mikono miwili (yaani tabaka mbili), kikauke, kisha kiangalie asubuhi, mchana na usiku kwa balbu utakayoitumia.

Kwa nyumba za zamani za mawe mimi ni mtu wa chokaa, na sioni haya. Tumezungukwa na mawe ya chokaa, hayo hayo yaliyotupa Mapango ya Amboni, halafu tunakimbilia rangi ya plastiki. Ukuta unaovuta maji kutoka chini ukiufunika kwa rangi hiyo, tazama usawa wa goti: inavimba, inamenyuka, na nyuma yake unakuta unga mweupe wa chumvi. Chokaa inauacha ukuta upumue. Koroga na maji iwe nyepesi kama maziwa, changanya unga wa rangi ya udongo wa manjano (manjano yake ni ya chuma, chokaa haiiharibu), chuja kwa kitambaa, lowesha ukuta, paka nyembamba mikono mitatu. Vaa miwani na glavu, maana chokaa inaunguza. Ikiwa mbichi itakutisha kwa ukolezi. Ikikauka inapauka sana. Kasoro yake ipo: ukiegemea, mgongo unatoka na unga. Kwenye korido ya watoto siishauri.

Dari nyeupe iliyopoa inatosha, na milango ya mninga ipigwe vanishi tu, kwa sababu wekundu wa mbao hiyo na dhahabu vinaelewana. Sebule inayotazama magharibi ndiyo ningeipa rangi hii kwanza. Saa kumi na moja jioni jua likiingia, hata kochi kuukuu linapendeza. Chumba cha kulala cha upande wa mashariki ningekiacha cheupe. Jua la asubuhi likigonga njano hakuna anayelala.