Unataka Uende Wapi?

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwa mavyaa wangu, Mabela, wanawake tumezunguka sinia letu, wali umeshafika chini na maneno ndiyo kwanza yamekolea. Yupo bi harusi wa mtoto wa ami yake bwana wangu, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, hana miezi minne hapa Muscat. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayeulizia choo, ati mtu akitaka kujifunza gari anaanzia wapi. Wifi yangu hata tonge hakuliweka chini.

"Unataka uende wapi?"

Sinia zima likacheka, na mimi nikacheka. Kicheko changu hicho ndicho kilichonikosesha usingizi, maana swali hilohilo niliulizwa mimi mwaka wangu wa kwanza, katika nyumba hiyohiyo, na siku ile nilijifungia chooni nikalia mpaka wakaja kunigongea.

Haya, uende wapi. Mimi nimekulia Mkunazini, Mji Mkongwe, Unguja. Kwetu mtu akiamka na mawazo yake anatupia buibui anatoka, na miguu ndiyo inayojua inakokwenda. Unakata kichochoro, unamwamkia mzee barazani, unasimamishwa na shoga akupe habari ambayo hukuiomba, unafika Darajani umeshamsahau aliyekuudhi. Unanunua mabungo, unarudi. Njia nzima watu wanakuuliza "wenda wapi?" na hakuna anayesubiri jibu, ni salamu tu.

Muscat si mji wa miguu. Umelazwa kama kamba, bahari huku, majabali huku, barabara kuu imepita katikati, na kutoka kwetu Mabela mpaka Matrah, kwenye soko la dhahabu, ni karibu kilomita 50. Mtaani kwetu ukifungua geti unakutana na ukuta wa jirani, mchanga, magari, na ukuta mwingine. Mabasi mekundu yapo, sikatai, lakini kituo kiko mbali na jua hili halina mzaha. Juni 2018 pale Quriyat, kusini ya mji, kulipita siku nzima, usiku wake na mchana wake, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hiyo ndiyo baridi ya siku hiyo. Sasa nenda kasimame kituoni na abaya nyeusi.

Wenyewe wameshazoea kiasi kwamba hata chai hawaishukii. Mtu anasimamisha gari mbele ya mkahawa, anapiga honi, kijana wa Kihindi anatoka mbio na karak kwenye kikombe cha karatasi, pesa zinapita dirishani, basi. Mara ya kwanza kuona nilidhani yule dereva ni mgonjwa.

Na kabla hamjaanza "Uarabuni ndivyo kulivyo, wanawake hawaendeshi": hapana. Hiyo ilikuwa Saudia, na hata wao waliruhusiwa tarehe 24 Juni 2018. Huku Oman wanawake wanaendesha miaka na miaka. Wifi yangu huyu aliyeuliza uende wapi ana Prado nyeupe na huipaki kwa mkono mmoja huku anazungumza na simu. Ndiyo maana swali lake linaniuma. Yeye hakuulizwa. Alipofika umri alipelekwa kujifunza kama alivyopelekwa skuli, na leo anakwenda kazini, anakwenda kwa rafiki zake aliosoma nao, anakwenda kwa mama yake, anakwenda kununua udi ambao tayari anao. Ila mke wa kutoka nje akitaka kujifunza, lazima kwanza aeleze safari.

Bwana wangu si mtu mbaya. Nayasema haya shingo upande, kwa sababu anasoma blogu hii. Hajawahi kunikatalia kunipeleka mahali. Akitoka kazini, akishasali, akishapumzika, "haya, unataka kwenda wapi?" Kwa upole kabisa. Na mimi nikawa sina jibu. Ningesema nini? Kwamba nataka kutoka tu? Nataka kukaa ufukweni Sib peke yangu nusu saa nitazame watu wanavuta nyavu, nisiseme na mtu? Kwa hilo utamtoa mwanamume aliyechoka kwenye kochi? Basi unatunga haja. Unasema sabuni imekwisha. Mimi nimeshawahi kumwaga sabuni ya vyombo kwenye sinki ili niwe na safari ya kweli.

Kupelekwa kunataka sababu, na mgeni sababu ndiyo asiyokuwa nayo. Mama yangu yuko ng'ambo ya bahari. Skuli niliyosoma iko ng'ambo ya bahari. Sina kazi, sina jirani ninayemjua jina. Kwa hiyo mtu akiniuliza niende wapi, ukweli ni kwamba sina pa kwenda, na ndiyo maana nililia. Lakini mtu anapata pa kwenda kwa kutoka! Nani aliyewahi kupata shoga kwa kukaa chumbani na kiyoyozi? Mnamfungia mtu miaka mitatu, halafu mnamshangaa hana watu, Kiarabu hakijamkaa, kanenepa, hana la kuzungumza ila tamthilia, na kila baada ya miezi miwili anataka tiketi ya kurudi kwao. "Wanawake wa kwetu hawatulii." Ahaa. Mtieni wifi yangu Mkunazini miaka mitatu mumkataze kutoka, tuone atulivyo.

Mengine ya maisha haya nayaacha. Kuitwa mama fulani mpaka jina lako mwenyewe likitajwa hospitali hugeuki. Kudhaniwa shaghala, mtumishi wa nyumbani, wa mwanao. Karatasi: sisi tulioolewa kabla ya Amri ya Sultani nambari 23 ya mwaka 2023, Mwomani alipokuwa hawezi kuoa nje bila ruhusa ya serikali, tunajuana. Hata Kiswahili, ambacho watu wa nyumbani wanadhani kimenirahisishia kila kitu kwa kuwa wakwe zangu ni wa kutoka Unguja: kinanifaa mpaka getini. Gari ndilo nililolishikia bango.

Maana yangu ni hii. Wasichana wetu wakiposwa huku, mazungumzo yote ni dhahabu. Seti ya ngapi, bangili ngapi, mkufu unafika kitovuni au haufiki. Bi harusi wetu wa Kibokoni kaja na seti nzito mashallah, imo kabatini, kaivaa mara mbili. Mahari ni haki ya mwanamke, na anataja anachokitaka yeye. Kama katika dini yetu kumewahi kuozeshwa mtu kwa mahari ya kufundishwa sura za Qur-ani, masomo ya gari yana aibu gani? Taja leseni, iandikwe. Kwamba ndani ya mwaka wa kwanza bwana atalipa mwalimu mpaka leseni itoke, hata ukianguka mara kumi.

Na utaanguka. Mimi nilianza na mapipa, ule mtihani wa kurudi nyuma baina ya mapipa bila kuyagusa, na niliyagusa yote, mengine mara mbili. Barabarani nilianguka mara tatu. Kwetu tunaendesha kushoto, huku ni kulia, na tatizo halimo kichwani, limo mikononi. Kile tunachokiita kipilefti, huku kipilefti chenyewe unakiingilia kulia. Nilikuwa nikikaribia nasoma Ayatul Kursiy, mwalimu wangu, mama mmoja wa Rustaq, ananipiga begani kwa kalamu: "Yamin, yamin, ya bint Zinjibar!" Kulia, kulia, we binti wa Unguja. Mpaka leo nikikaribia mzunguko ule wa kwenda Al Khoud nalihisi bega linajikunja lenyewe.

Leseni ilipotoka, safari yangu ya kwanza haikuwa na maana yoyote. Nilikwenda mpaka Sib, nikazunguka nje ya soko la samaki, nikarudi. Dakika arubaini na tano. Bwana akaniuliza ulikwenda wapi, nikamwambia, "Sikwenda popote." Nilivyolisema kwa raha!

Sasa hivi mteja wangu mkubwa ni mavyaa. Yeye hakujifunza gari; aliondoka Unguja msichana wa miaka kumi na mbili baada ya mapinduzi, kaja Oman keshaolewa, na tangu hapo anapelekwa. Siku hizi asubuhi simu inalia: "Mwanangu, una nafasi?" Namwambia ninayo. Anakaa mbele, kashika mshikio wa juu wa mlango kwa mikono miwili, kila mzunguko "Ya Latif." Simuulizi kwenda wapi. Mara moja tulikaa ndani ya gari pale ufukweni, madirisha wazi, harufu ya papa mkavu imejaa tele, akaanza kunihadithia sikukuu za Mnazi Mmoja, walivyokuwa wakitoka Ng'ambo kwa miguu na kanzu mpya, viatu mkononi visichakae. Miaka yote nimeishi naye sijapata kuyasikia hayo. Tulirudi mikono mitupu, hata samaki hatukununua. Wifi akatushangaa.

Usiku ule wa Ijumaa, nikiwa bado najilaumu kwa kicheko changu, yule bi harusi akaniletea ujumbe. "Dada, samahani nakusumbua. Seti nikiiuza Matrah, nitapata masomo mangapi?"

Nimemwambia aanze na bangili mbili.