Mchana nabeba boksi, usiku nakula boksi

Kule Tanga ukiulizwa mwanao anafanya nini Uingereza unasema yuko kwenye mambo ya usafirishaji, na watu wanaitikia "aah hongera" halafu wakigeuka wanacheka, wanasema huyo mbeba boksi tu. Na wala hawajakosea. Mi nabeba boksi kweli, kwenye ghala hapa Northampton, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Wasichokijua wenzangu wa kule ni kwamba boksi haziishii getini. Nikitoka pale napitia supamaketi kununua boksi nyingine, naenda nazo nyumbani, ndo tunakula.

Maana mama Nuru ni nesi, na wiki akiwa shifti ya usiku tunapishana mlangoni kama dereva na deiwaka wake, mi naingia yeye anatoka, koti keshavaa, funguo mdomoni, anachoniachia ni sentensi moja tu: watoto hawajala. Watatu hao. Na wote wamekaa mezani wananitazama kama mi ndo waziri wa chakula.

Sasa juzi Jumanne mvua inanyesha ile ya huku isiyonyesha wala isiyoacha, nimesimama mbele ya lile friji refu la vyakula vya tayari, hatua kama ishirini hivi, vyakula vimepangwa, na mi hapo ndo huwa akili inaniganda. Wenzetu wamezoea haya mambo, inasemekana maduka ya Marks & Spencer waliingiza kuku Kiev wa tayari, kile kidari kilichojazwa siagi ya kitunguu saumu, sokoni mwaka 1979, ukifika unapasha unakula, na mwaka huohuo sisi tulikuwa vitani na Idi Amin, na baada ya vita mama yangu akawa anapanga foleni ya sukari na sabuni akiwa na mi mgongoni. Kwa hiyo mtu asinilaumu nikisimama pale nikashangaa. Wao wana miaka arobaini na zaidi ya mazoezi.

Kwanza toa vyote vyenye nyama, maana sisi nyama isiyo halali haiingii ndani. Hapo friji lote limeisha. Zinabaki kari mbili tatu kwenye kona ya halali, na hizo nazo ukifika jioni wenzako wa kutoka Bangladeshi walishapita. Yanabaki mambo ya mboga, makaroni ya jibini, na pai ya samaki.

Halafu ile picha ya kwenye boksi jamani. Kwenye picha kuna sahani nzuri ya udongo, kotimiri imenyunyizwa juu, kipande cha limau pembeni, mpaka kitambaa cha meza kimekunjwa. Chini yake kwa herufi za sisimizi wameandika kwamba hiyo ni namna tu ya kupakua. Yaani kotimiri siyo yangu, limau siyo langu, sahani siyo yangu, mi nilichonunua ni ule mchuzi wa njano tu. Ni kama kuoa kwa picha, siku ya harusi unaletewa mtu mwingine kabisa na wazee wanakwambia wewe ndo hukusoma vizuri.

Na hii "inatosha watu wawili" inanipandishaga presha. Watu wawili gani hao? Labda walishakula kwao wamepita tu kutoa salamu. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita, na hiyo ya watu wawili anaila peke yake halafu anauliza wali uko wapi.

Basi bana nikabeba pai za samaki mbili, kari ya mbogamboga mbili, na pakiti za ule wali wa kupasha dakika mbili. Foleni, mvua, basi, nyumbani, koti la mama Nuru likapita mbele yangu, haya tukaanza.

Mtu anayekwambia vyakula hivi ni vya haraka hana watoto. Boksi inasema dakika tano kwa maikrowevu ya wati 800, ya kwangu nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama, ni ya 700, kwa hiyo weka sita. Boksi nne mara sita ni dakika ishirini na nne, ongeza pakiti za wali, ongeza ile "fungua katikati ukoroge", sasa haraka iko wapi? Wa kwanza keshamaliza kula anadai chai, wa tatu kalala na kijiko mkononi. Nikasema aa, mi ni mjanja, nikatia mbili kwa pamoja kwa dakika zilezile. Zikatoka zote mbili pembeni zinatokota, katikati pana baridi ya Makete.

Kuna na ile "toboa nailoni kabla ya kupasha". Wiki iliyopita nilisahau, kari ikalipuka, ndani ya maikrowevu ikawa kama mtu kachora ramani ya Afrika kwa manjano, Madagaska ipo kabisa mlangoni. Na "acha itulie dakika moja", hii nilikuwa naidharau, nasema nani wa kutulia, mi au yenyewe? Kumbe wana maana, joto linakuwa bado linatembea kutoka pembeni kwenda kati, ukiila palepale unaungua ulimi wa mbele na wa nyuma unapata homa. Hiyo nawapa, hapo wamesema ukweli.

Tatizo kubwa ni ladha. Ukiangalia mbele ya boksi kuna taa kama za barabarani, kijani, njano, nyekundu, ya chumvi ikiwa nyekundu maana yake imevuka gramu 1.5 kwenye kila gramu 100 za chakula, na mama Nuru kama nesi keshaniambia mtu mzima asizidishe gramu 6 kwa siku nzima. Sasa kinachonishangaza, taa nyekundu, chumvi imejaa, ukitia mdomoni hamna kitu. Imeenda wapi hiyo chumvi? Nilikuwa naongeza nyingine mpaka siku nikakaripiwa kama mtoto, nikafundishwa kwamba chakula kikiwa kimepooza siyo lazima kinataka chumvi, kinataka ukali. Kamulia ndimu. Na kweli wallahi, nusu ya ndimu na pilipili mbuzi moja iliyokatwakatwa, ile kari ikafufuka ikasema "karibuni".

(Pilipili mbuzi huku wanaiita kwa jina la kofia ya Kiskoti, ukiulizia dukani kwa jina la mbuzi utaonyeshwa maziwa.)

Ndo nikaanza kujifanya fundi. Kitunguu kimoja kikaange kwanza mpaka kiwe cha dhahabu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya moja, kijiko cha binzari, ukisikia harufu imetoka ndo unamimina ile kari humo, unatia kopo la dengu maana za watu wawili tunataka ziwe za watu watano, unatia spinachi ya kuganda ile ya vidonge vidonge, unamalizia na tui la kopo. Wali wa pakiti nao usiupashe ukiwa mkavu hivyohivyo, ni kokoto, weka siagi kwenye sufuria na hiliki mbili na karafuu, tupia wali, nyunyizia tui kidogo, funika. Dakika tano. Ukifunua unaweza ukasema ni wa shughuli.

Ila sasa hesabu mwenyewe. Kikaango kimoja, sufuria mbili, ubao wa kukatia, mwiko, na kengele ya moshi. Maana nyumba za huku ukikaanga kitunguu tu kengele inalia kama benki imevamiwa, Nuru anakimbia na taulo anapunga chini yake, wa pili anafungua mlango wa nyuma, baridi inaingia, wa tatu anacheka, na jirani mzee wa ukutani anagonga mara mbili ile ya upole ya Kiingereza inayomaanisha nimekuchoka. Saa nzima imepita. Hapo nikajiuliza, we baba, kitunguu umekata, nyanya umekata, tui umetia, si umeshapika? Sasa lile boksi la pauni tatu na nusu kazi yake ilikuwa nini? Nimenunua vijiko sita vya mchuzi ili nipate sababu ya kupika mchuzi.

Kwenye stika za njano nisiongee sana, naona aibu. Jioni wanapunguza bei vile vinavyoisha muda, watu tunamzunguka yule kijana mwenye mashine ya stika kama kuku kwa mpiga mtama, kuna bibi mmoja hapa ana kiwiko, sijui alichezea timu gani. Nikabeba vitu kumi na moja nikajiona tajiri. Kufika nyumbani nasoma, vyote mwisho leo, na siyo ile tarehe ya ubora unayoweza kuipuuza kidogo, ni ile ya "tumia kabla" ambayo nesi wa ndani haichezei. Usiku ule tulikula lazanya ya mboga, supu, na saladi ya viazi kwa amri ya serikali.

Sasa turudi kwenye pai ya samaki. Hii ndo adui yangu. Samaki mweupe, ndani ya maziwa, juu viazi vya kuponda, juu tena jibini. Bibi yangu Pangani alikuwa anakataza hata kunywa maziwa siku uliyokula samaki, utatoka mabaka, leo mi nawapa wajukuu zake samaki aliyechemshwa humohumo. Nikasema hii siiachi hivihivi. Nikaipindua moja kwenye sufuria, nikatia binzari, nikatia ukwaju, pilipili, tui. Ikakatika. Ikawa rangi ya saruji inayosubiri tofali. Nikakoroga kwa imani, haikurudi.

Nuru akaonja kwa ncha ya kijiko, akakiweka chini taratibu, akasema, "Baba, ungeiacha tu."

Na hapohapo simu ikalia, mama yangu, kwa video, kule ni usiku mkubwa yeye halali mpaka ajue wajukuu wamekula. Shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, mmekula nini leo? Nikawa namfanyia Nuru ishara kwa nyuma ya simu, sema wali na mchuzi, sema wali na mchuzi. Mtoto wa huku hajui kusitiri. Akasema, "Bibi, tumekula boksi."

Kimya. Halafu nikasikia mama anamwambia mtu pembeni, nadhani shangazi, "Alikuwa anayabeba, sasa kaanza kuyala." Wakacheka mpaka simu ikaanguka, nikabaki naangalia dari ya Tanga.

Ile pai ya pili nikairudisha kwenye friji, hasira zimenishika, nikala ule wali na kari, nikaosha sufuria mpaka saa nne usiku, nikalala.

Asubuhi najiandaa kwenda kazini naona mama Nuru kashaingia, hata koti hajavua, kasimama pale jikoni karibu na maikrowevu, na pai ya samaki mkononi, ndani ya kisahani chake kilekile cha plastiki, anaila kwa kijiko. Haijatiwa ndimu, haijatiwa pilipili, hamna kitu. Nikamwambia subiri mke wangu, nikukaangie kitunguu dakika moja. Akanipiga jicho.

"Baba Nuru, hii umetia nini? Mbona tamu hivi?"

Nikachukua begi langu nikaenda kubeba boksi.