Bima inayosubiri risiti

Jana usiku imeingia meseji ya mchango kwenye grupu la familia, mtoto wa rafiki yake shangazi anapelekwa India, na chini kabisa wameandika "ana bima, hela zitarudishwa." Huo mstari wa mwisho umeninyima usingizi maana sisi tumeupitia.

Baba mdogo ini lilipochoka kabisa, madaktari walituambia ukweli, hapa atatunzwa tu, kupandikizwa ni nje. Siwalaumu, figo Muhimbili wanapandikiza tangu 2017 na moyo pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wanafanya yale ambayo zamani lazima upande ndege. Ini tukaelekezwa Chennai, India. Na hatukuogopa sana, kazini kwake walikuwa na bima ya kampuni binafsi na kijitabu kinasema kabisa matibabu ya nje yamo.

Yamo, ila unalipa mwenyewe, unakusanya risiti, ukirudi ndio unadai. Jamani, mtu mwenye dola elfu 28 ndani angehangaika na bima ya nini? Kule hospitali haikupi tarehe ya upasuaji mpaka depoziti iingie kwenye akaunti. Kwa hiyo bima inasubiri risiti, risiti inasubiri hela, na mgonjwa tumbo limejaa maji, macho ya njano, analala amekaa kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Nilienda ofisini kwa hiyo kampuni ya bima mara nne kuomba kitu kimoja tu, barua ya dhamana iende hospitali moja kwa moja. Wanaijua hiyo kazi, hospitali za Dar unatoa kadi, unasaini, unatibiwa, wanamalizana wenyewe. Wakasema hospitali ya Chennai haipo kwenye orodha yao. Nikauliza ya India iliyopo ni ipi, hakukuwa na hata moja. Tukauza kiwanja cha Kibaha kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe aliona aibu.

Halafu mtoaji wa ini. Aliyetoa ni mwanae mkubwa, mzima wa afya, akapasuliwa, akakatwa kipande cha ini, akalazwa, na kwenye fomu ya madai hapakuwa na sehemu ya kumwandika. Bili yake yote ikawa yetu. Ini la kupandikiza linatoka wapi kama sio kwa mtu?

Visa, barua ya ubalozi, ile kamati inayohoji undugu wenu kwa sheria ya India ya 1994 ya kupandikiza viungo, chumba cha kupanga nje ya hospitali, yote mfukoni. Na bima ya safari ya kununua pamoja na tiketi usiitegemee, inalipa dharura iliyokukuta njiani, ugonjwa uliotoka nao nyumbani haiugusi.

Risiti za famasi za kule zilichapishwa kwenye ile karatasi laini ambayo maandishi yake hufutika. Mama mdogo alizifunga kwenye kitenge akazibeba kama pasipoti, tulipofungua Dar nyingi zilikuwa nyeupe. Alikaa chini sebuleni akiziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha atafute hata tarakimu. Zote hizo zilikataliwa. Zilizobaki walilipa baada ya miezi 7, tena kwa kulinganisha na bei za hapa nchini. Upasuaji ambao hapa tuliambiwa haupo, bei yake waliitoa wapi?

Najua wapo wanaogushi risiti na kampuni zimeumizwa, sawa, nakubali. Lakini kampuni ikilipa hospitali moja kwa moja huyo wa kugushi anapitia wapi? Bima ya taifa angalau iko wazi, mipaka yake ni hapa nchini.

Baba mdogo yupo, namshukuru Mungu, asubuhi anamwagilia mchicha wake. Kiwanja hakijarudi.

Nimechanga, kisha nikampigia mama wa mtoto. Nimemwambia kabla ya kukata tiketi aende bima wampe kwa maandishi wanalipa hospitali ipi, kiasi gani, lini, na mtu atakayemsindikiza mtoto yumo au hayumo. Na kila risiti aipige picha siku hiyo hiyo, hapo hapo dirishani.