Sven, Nabi, Fadlu: kocha akitimka, klabu imekosa kiu?

Septemba 2025 kocha Fadlu Davids alifunga virago Simba na kurudi Raja Casablanca ya Morocco. Alikuwa ametoka kushinda 1-0 ugenini dhidi ya Gaborone United, na mechi ya marudiano ilikuwa bado. Miezi minne nyuma alikuwa ameifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimbazi, nyumbani kwa Simba, likaibuka swali ambalo watani wao Yanga kule Jangwani walishajiuliza mwaka 2023, pale kocha wao Nasreddine Nabi alipotoka kucheza fainali ya kombe hilohilo na USM Alger, kisha akaenda zake AS FAR ya Rabat, Morocco: klabu inayoshindwa kumbakiza kocha wa namna hiyo inautaka ubingwa wa Afrika kweli, au inatosheka kumfunga jirani?

Wenye kumbukumbu wataongeza jina la Sven Vandenbroeck. Januari 2021 aliifunga FC Platinum 4-0 kwa Mkapa, uwanja wa Dar es Salaam, akaipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na kesho yake akaondoka. Naye alielekea AS FAR. Makocha watatu, safari tatu za Morocco, kila baada ya miaka miwili. Ukiambiwa kuna basi la moja kwa moja kutoka Kariakoo hadi Rabat unaweza kuamini.

Tuanze na utetezi wa viongozi, maana si wa kupuuzwa. Raja imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mara tatu. Simba na Yanga hazijaitwaa hata mara moja. Fadlu alikuwa msaidizi Raja msimu wa 2023/24, timu ilipobeba ligi bila kupoteza mechi na kombe la nchi juu yake. Akiitwa arudi akiwa kocha mkuu, utamwambia nini? Morocco ni nchi iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022. Kocha anayetaka kupanda ngazi lazima aitamani ligi yake, hata kama Msimbazi wanamlipa vizuri.

Tena si kila mwanachama wa Simba aliyelia. Chini ya Fadlu zilichezwa dabi nne, na Yanga ndiyo iliyoshinda zote: mbili za Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungua msimu, na mbili za ligi, ikiwemo ile ya Juni 25, 2025 iliyoamua bingwa kwa 2-0. Kwa shabiki aliyeusubiri ubingwa wa ligi tangu 2021, fainali ya Shirikisho haikumfuta machozi hayo.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na mimi inaniuma zaidi hii. Fadlu hakuondoka peke yake, alibeba na wasaidizi wake. Simba ikabaki katikati ya mechi mbili za Afrika haina benchi la ufundi. Ikabidi aazimwe Hemed Suleiman, kocha wa timu ya taifa, Taifa Stars, asimamie marudiano, ambaye kwa utani wa Mungu jina lake la utani ni Morocco. Zikatoka sare ya 1-1, Simba ikasonga. Halafu akaletwa Dimitar Pantev, kocha wa Gaborone United iliyotoka kutolewa, akatambulishwa kwa cheo cha meneja mkuu. Desemba ya mwaka huohuo naye akawa ameshaondoka. Klabu ya daraja la fainali haitafuti kocha hivi, kwa kuangalia nani alikuwa upande wa pili wa uwanja juzi. Inakuwa na orodha yake mezani hata siku ambayo kocha aliyepo anashangiliwa.

Lakini hapo ndipo historia inapowachanganya wote wanaosema kocha akiondoka basi safari imekwisha. Baada ya Sven, Simba ilimpata Didier Gomes kabla Januari haijaisha, akapata wiki kadhaa za kujipanga, na nyota wa timu, Clatous Chama na Luis Miquissone, walikuwepo. Wakaifunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa, bao la Miquissone, wakaongoza kundi. Ilikuwa Simba bora kuliko ya Sven.

Kilichoiangusha kilikuja miezi michache baadaye. Chama akauzwa RS Berkane, Miquissone akaenda Al Ahly. Gomes alibaki, mbinu zilibaki, na Oktoba 24, 2021 Jwaneng Galaxy iliyokuwa imefungwa 2-0 kwao ikaja Dar es Salaam ikashinda 3-1 na kuitoa Simba. Gomes akalipa yeye.

Yanga ya 2023 ilipoteza vyote kwa mpigo: Nabi, na mshambuliaji Fiston Mayele aliyekwenda Pyramids ya Misri. Hasara ya Mayele tuliiona vizuri Juni 2025, alipofunga kwenye fainali iliyowapa Pyramids ubingwa wa Afrika. Hata hivyo Yanga haikuyumba, kwa sababu wachezaji Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli waliingia dirisha hilohilo la usajili, na kocha mpya Miguel Gamondi alipewa maandalizi ya msimu mzima. Wakaitandika CR Belouizdad 4-0, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na Mamelodi Sundowns ikawatoa kwa penalti tu baada ya dakika 180 bila bao.

Sasa linganisha na Novemba 2024. Gamondi alifukuzwa baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, mechi mbili za ligi. Sead Ramovic akatangazwa siku 11 kabla ya mechi ya kwanza ya makundi. Al Hilal wakaja wakashinda 2-0, MC Alger nao 2-0 kule kwao, na Januari Yanga ikatoka. Februari Ramovic akahamia Belouizdad. Miloud Hamdi akamalizia, na Yanga ikabeba ligi kama kawaida.

Na ubingwa huo ndio unaowafanya viongozi wa pande zote wasisikie maumivu. Ndani ya nchi Yanga inaweza kutumia makocha watatu kwa msimu mmoja na bado ikavaa medali. Makundi ya Afrika ni mechi sita, hayampi kocha mgeni nafasi ya kujifunza majina ya wachezaji. Kwa hiyo siiti kuondoka kwa kocha ushahidi wa kukosa kiu. Ninachoangalia ni tarehe aliyoondoka, nani alikuwa tayari kurithi mikoba, na wachezaji gani walibaki.

Kwa kipimo hicho Simba ya 2025 ilishajibu kabla Fadlu hajakata tiketi. Agosti ile, Mohamed Hussein 'Tshabalala', nahodha aliyekaa klabuni tangu 2014 na kuiongoza kwenye ile fainali ya Shirikisho dhidi ya RS Berkane, alitambulishwa akiwa na jezi ya Yanga. Raja hawakuhusika kabisa na hilo.