Funikeni maji ya bwawa kabla ya kununua mashine ya kukausha hewa

Juzi nilikwenda kumtazama shangazi yangu Mji Mkongwe, nikamkuta kazitandaza kitandani nguo zote za kabatini, kanga na mabuibui, zimejaa madoa ya ukungu. Ukuta wa chumba chake umeungana na nyumba ya jirani, na jirani huyo amejenga bwawa la kuogelea ndani ya nyumba, chumba kimezibwa kwa dari na vioo. Plasta ya upande wa shangazi imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole inamomonyoka, na mawe ya ndani yamelowa. Fundi wa bwawa alipoitwa akajibu: "Bi mkubwa, wafungue madirisha tu, upepo utakausha."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kufungua madirisha ni dawa ya nchi za baridi. Ulaya, nje kukiwa na nyuzi sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa haina hata gramu 5 za maji. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapata joto, inanyonya unyevu kweli kweli. Sisi huku, wakati wa masika, hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ina gramu 22 hivi. Chumba cha bwawa kinachotunzwa vizuri, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, kina gramu 18. Kwa hiyo anayefungua dirisha mwezi wa Aprili anaongeza maji chumbani. Aliyeweka bwawa chini ya banda la makuti lililo wazi pande zote, kule Paje au Nungwi, sina ugomvi naye, mvuke wake unakwenda zake na upepo. Nazungumzia vyumba vilivyofungwa, tena vilivyopakana na vyumba vya kulala vya watu wengine.

Wengine hukimbilia kiyoyozi. Hili linaniuma zaidi kwa sababu watu wanalipia umeme ili wajiharibie nyumba. Chukua bwawa dogo, mita 4 kwa 8, maji nyuzi 28. Hewa ya chumba ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 60, bwawa hilo hutoa mvuke wa lita 70 hivi kwa siku. Ipoze hewa hiyohiyo hadi nyuzi 24 na unyevu asilimia 50, mvuke unakaribia kuwa maradufu. Hewa ya chumba cha bwawa inatakiwa iwe na joto kuzidi maji kwa nyuzi moja au mbili, si kinyume chake. Na ukuta unaopozwa upande wa pili na kiyoyozi cha chumba cha kulala ndio unaotoa jasho: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 ikigusa kitu cha nyuzi 23, inageuka maji papo hapo.

Sasa, kwa nini tunahangaika na lita 70 zilizokwisha kupanda hewani, wakati tungeweza kuziacha bwawani? Hakuna mpishi anayeacha sufuria inachemka wazi halafu akaanza kupangusa dari. Bwawa la nyumbani watu huogelea saa moja, labda mbili. Saa zilizobaki maji yako wazi, hakuna mtu, na mvuke unapanda usiku kucha. Funika! Turubai maalumu la bwawa, linalolala juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, huzuia sehemu kubwa kabisa ya mvuke huo. Halina injini, halingoji fundi, halidai umeme. Sisi tunaujua umeme wetu: waya wa chini ya bahari ulipokufa Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Mashine ya kukausha hewa siku hiyo ni kabati tu. Turubai linaendelea na kazi.

Haya, nakubali, mashine bado inahitajika kwa saa za kuogelea, na feni ya kutolea hewa nje pia, ili chumba cha bwawa kivute hewa kutoka nyumbani badala ya kuisukumia nyumba mvuke. Lakini ukifunika maji, utanunua mashine ndogo zaidi.

Na msipige saruji juu ya kuta za chokaa. Chokaa inapumua, saruji inafungia maji ndani, na boriti za mikoko huoza bila mtu kuona.

Chuma nacho kinaliwa. Mvuke wa bwawa una klorini iliyochanganyika na jasho la watu. Uster, Uswisi, mwaka 1985, dari la zege la bwawa la ndani liliwaangukia waogeleaji, wakafa watu 12. Vyuma vilivyolishikilia vilikuwa vya chuma cha pua, vile tunavyoambiwa havishiki kutu.

Wanaochora nyumba sasa hivi, Fumba, Mbweni, hata Chake Chake, nawaomba jambo moja: acheni nafasi ya rola la turubai kwenye ukingo mfupi wa bwawa tangu kwenye ramani. Turubai linalobebwa na watu wanne hutandikwa wiki ya kwanza tu, kisha linatupwa stoo. La rola, mtoto wa miaka kumi anaweza kulivuta.