Makumbusho ya sayansi yanaponyamaza, nani anajua?

Tangu Januari 2025 makumbusho ya sayansi nchini Marekani yako njia panda. Siku aliyoapishwa, Rais Trump alitia saini amri ya kuitoa nchi katika Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi kwa mara ya pili. Machi 14 akaamuru taasisi ya serikali inayogawa ruzuku kwa makumbusho na maktaba ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Makumbusho yaliyokuwa yakijinadi kuwa watetezi wa mazingira sasa yanaulizwa: mtaendelea kusema, au mtafyata ulimi?

Wanaoshauri ukimya wana hoja, na si hoja ya woga peke yake. Utafiti wa maoni wa mwaka 2021 ulionesha kwamba Wamarekani wanayaamini makumbusho kuliko serikali na vyombo vya habari, na sababu mojawapo ni kwamba wanayaona hayana chama. Imani hiyo ni mtaji. Mzazi anayekipigia kura chama cha Republican, chama cha Trump, akiingia na wanawe akakuta ukuta unamsimanga, hatarudi, na huenda yeye ndiye hasa aliyepaswa kuona. Wakibaki wageni wanaokubaliana nawe tu, umemfundisha nani?

Naiheshimu hoja hiyo. Kasoro yake ni kwamba haituambii ukimya ukianza kutekelezwa unakuwaje. Mfano upo. Mwaka 2003, Seneti ikibishana kuhusu kuchimba mafuta katika hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki huko Alaska, makumbusho ya taifa ya historia asilia mjini Washington yalikuwa yakiandaa maonesho ya picha za hifadhi hiyo, zilizopigwa na Subhankar Banerjee. Seneta Barbara Boxer, aliyepinga uchimbaji huo, alikiinua kitabu cha picha hizo mbele ya wenzake, na pendekezo la kuchimba likashindwa kwa kura 52 dhidi ya 48. Baadaye maonesho yale yakahamishiwa ukumbi wa chini, na maelezo ya picha yakakatwa. Picha moja ya milima ya Romanzof ilikuwa na maneno ya mpiga picha, akisema hajawahi kuona mandhari nzuri kama ile, na kwamba ni mbali mno hata vilele na maziwa mengi bado hayajapewa majina. Yakabaki maneno machache tu: kilele kisicho na jina, milima ya Romanzof. Uongozi ulikana kushinikizwa na yeyote. Ulisema maelezo ya awali yalielekea kwenye uanaharakati.

Hakuna uongo ulioandikwa hapo. Kilele kweli hakina jina. Kilichoondolewa ni sababu ya mtu kukijali, na aliyepita mbele ya picha ile hakuwa na namna ya kujua kwamba amepunjwa. Ndiyo maana hesabu za bodi za makumbusho huelemea upande mmoja: makumbusho yakisema, malalamiko yanamiminika na wafadhili wanapiga simu, yakinyamaza, simu haiiti. Hasara ya kunyamaza haina mlalamikaji.

Halafu kuna swali la mpaka wenyewe kati ya sayansi na uanaharakati. Taasisi ya California Academy of Sciences ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1853, inahifadhi sampuli zipatazo milioni 46. Miongoni mwake wamo vipepeo wa buluu waitwao Xerces, waliobanwa kwa pini, kila mmoja na kikaratasi cha mahali na tarehe aliponaswa. Tarehe hizo zinakoma miaka ya 1940 mwanzoni. Baada ya hapo kipepeo huyo hakuonekana tena, kwa sababu vilima vya mchanga alivyoishi vilijengwa nyumba na barabara. Mtoto akiuliza kwa nini hakuna wengine, jibu sahihi la kisayansi tayari ni lawama. Aliye tayari kumwonesha kipepeo lakini si nyumba amempa nusu ya sayansi.

Kisheria nafasi ni pana kuliko inavyodhaniwa. Tangu 1954 taasisi zenye msamaha wa kodi kama makumbusho haya zimekatazwa kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Lakini kuueleza umma juu ya jambo zinaruhusiwa, na hata kuwashawishi wabunge kuhusu muswada, mradi isiwe sehemu kubwa ya shughuli zao. Kumtaja mgombea ni kosa. Kusema kaboni inatoka wapi si kosa, hata kama chama kimoja hakipendi kusikia.

Ninachokubali ni kwamba hatari haigawanyiki sawa. Makumbusho makubwa yenye akiba na wafadhili wengi yanaweza kuikosa ruzuku na bado yakafungua milango kesho yake, kwa hiyo ndiyo yanayopaswa kutangulia kusema. Yale madogo ya miji ya mbali, ambayo ruzuku moja ndiyo mshahara wa mwalimu wao, siwezi kuyalaumu yakibadilisha maneno katika ombi la fedha. Yakibadilisha maneno ya ukutani, hapo nitayalaumu.