Kocha wa Temeke hana karatasi

Katibu wa klabu ya hapa kitongojini kwetu, nje kidogo ya Liège, Ubelgiji, ni mzee mstaafu anayejitolea bure, na wiki hii amenichosha kweli. Mpwa wangu amekuja masomoni, ana miaka 20, anataka kucheza Jumapili basi. Mzee kashupaa: tangu kijana alipofika miaka 12 alichezea klabu gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani?

Mpwa akanitazama, nami nikamtazama. Kalelewa kisoka na kocha mmoja wa Temeke, kwenye uwanja wa shule, goli la upande mmoja limepinda, bibu za kupokezana. Jina la pili la yule kocha hatulijui. Tukapiga mstari kwenye nafasi zote.

Nilikasirika, halafu nikaona wivu: huku historia hiyo ya malezi ina pesa ndani yake. Maana ni mchezaji wa mji huu huu, Jean-Marc Bosman, aliyesababisha Mahakama ya Ulaya iseme mwaka 1995 kwamba mkataba ukiisha, raia wa Umoja wa Ulaya anahamia nchi nyingine ya Umoja bila ada. Klabu zikalia: sasa nani atahangaika kulea watoto? Jibu likaja 2010, kwenye kesi ya mchezaji Mfaransa, Olivier Bernard. Klabu ya Lyon ya Ufaransa walimlea kwa miaka mitatu, wakampa mkataba wa kulipwa wa mwaka mmoja, akaukataa, akaenda zake Newcastle ya Uingereza. Lyon wakadai zaidi ya euro 53,000, sawa na mshahara ambao angeupata mwaka ule. Majaji wakasema fidia ya malezi ni halali, ila ifuate gharama halisi za kulea, si mshahara. Na kwenye gharama hizo wakaingiza hata za vijana wasiofika popote! Hapo ndipo waliponimaliza.

Najua mnachosema huko nyumbani. "Keshakula chokoleti za Wabelgiji, anatufundisha mpira." Ndugu zangu, mimi ndiye ninayewakumbusha watu hapa kila siku kuwa Samatta alibeba ubingwa wa Ubelgiji na Genk 2019, na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya hapa, mwaka huo huo. Vipaji tunavyo, simdharau mtu. Ninachouliza ni nani nyumbani ana karatasi inayoonyesha kijana fulani alikuwa wapi akiwa na miaka 13.

Wala huku si peponi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, klabu isiyompa kijana ofa ya mkataba kwa maandishi kwa kawaida hupoteza fidia yake, na miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa. Wajanja wapo kila mahali.

Mwingine atasema watoto si ng'ombe wa kupigiwa bei. Sawa kabisa, ndiyo maana fidia hii inalipwa na klabu mpya, kijana hadaiwi hata senti. Mwingine: "Kocha wa mtaani anafanya kwa mapenzi." Mapenzi yapi hayo, wakati klabu kubwa inakuja kubeba winga wake na kumwachia mipira miwili na seti ya jezi, naye anashukuru kwa mikono miwili? Tena tunapiga picha!

Kwa kanuni za FIFA, inayolipwa ni klabu iliyo chini ya shirikisho na iliyomsajili mchezaji. Chandimu haimo. Akademi isiyosajiliwa popote haimo, hata ingekuwa imelea taifa zima. Na mbali na fidia ile kuna fungu lingine: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa waliomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa ada ya euro milioni 1, kila mwaka kati ya 12 na 15 una euro 2,500. Minne ni euro 10,000, zaidi ya milioni 25 za kwetu. Kwa fedha hizo yule kocha angenyoosha goli, angenunua la pili, na bado angebaki na chenji ya kwenda kusajili timu yake.